Gears of War: Mwana Asiyefuata Nyayo

Wako watu wazima ambao wakisikia kutajwa michezo ya video hukunja uso, wakadhani ni upuuzi wa watoto usiostahili kuandikwa gazetini. Mimi si miongoni mwao. Mchezo wa video, kama ulivyo wimbo au filamu, una watungaji wake na ufundi wake, na wanaoununua huutolea pesa za jasho lao. Basi ukiharibika, ni haki yetu kusema.

Ulioniudhi mimi ni Gears of War: Judgment, uliotolewa Machi 2013 kwa mashine ya Xbox 360. Lakini ili msomaji aijue kasoro ya mwana, hana budi kwanza amjue mzazi.

Mchezo wa kwanza wa Gears of War ulitoka Novemba 2006. Uliundwa na kampuni ya Epic Games ya Marekani, na mbunifu wake mkuu alikuwa Cliff Bleszinski. Kisa chake ni cha sayari iitwayo Sera, ambako majitu yaitwayo Locust yametoka chini ya ardhi kuwaangamiza binadamu. Shujaa wake ni Marcus Fenix, na sahibu yake ni Dominic Santiago. Hata hivyo, sifa ya mchezo huo haikutokana na kisa, bali na kujibanza. Michezo mingi ya bunduki ilikuwa ya kukimbia huku ukifyatua. Hapa, anayesimama wazi hafiki mbali. Mchezaji hubonyeza kitufe, askari wake akajibandika ukutani au nyuma ya gari bovu, akachungulia, akapiga, kisha akarudi mafichoni kungoja nguvu zimrudie. Bleszinski mwenyewe alikiri kwamba wazo hilo alilipata katika kill.switch, mchezo wa Namco wa mwaka 2003. Lakini Gears ndio uliolipamba hata likaigwa na wengi.

Hata kujaza risasi kulitaka utulivu. Mstari mdogo hupita kwenye kioo. Ukibonyeza mahali pake hasa, bunduki hujaa upesi. Ukikosea, hukwama na huku adui anakujia. Mimi na mpwa wangu tuliucheza mchezo huo mbele ya televisheni moja, mimi Marcus, yeye Dominic. "Mjomba, zunguka kushoto, mimi nitawashughulisha," angeniambia. Ilikuwa kazi ya kushauriana.

Sehemu ya pili, ya mwaka 2008, ilileta Horde, ambamo wachezaji hadi watano hushirikiana kuyakabili mawimbi 50 ya maadui. Ya tatu ikaja 2011, ikakifunga kisa cha Marcus. Hapo ingefaa kutua tanga.

Badala yake ikaja Judgment, kazi ya Epic pamoja na kampuni ya People Can Fly ya Poland. Bleszinski alikuwa ameshaondoka Epic tangu Oktoba 2012. Kisa kinarudi nyuma hadi mwanzo wa vita: Damon Baird na wenzake watatu wako mbele ya mahakama ya kijeshi, na kila mmoja anatoa ushahidi wake. Wazo si baya. Lakini Baird na mwenzake Cole tumeshawaona wazima katika michezo iliyotangulia. Basi hofu itatoka wapi?

Ila kubwa zaidi ni haraka. Safari imekatwakatwa vipande vya dakika chache, na kila kimoja kikiisha huja hesabu ya nyota tatu. Kuna alama ukutani. Ukiikubali unaongezewa mashaka, mathalan muda mfupi au bunduki za aina fulani tu, ili nyota zijae upesi. Alhasili, mchezaji huwinda nyota, akamsahau adui. Mpwa wangu yule yule aliyekuwa akinishauri nizunguke kushoto, sasa alikuwa akipiga kelele, "Mjomba, tazama nyota!"

Tena mchezo huu uliuzwa kama mchezo kamili, ilhali Horde iliondolewa, na viwanja vya mashindano ya timu kwa timu vilikuwa vinne tu ulipotoka. Katika mashindano hayo hata Locust hawakuwamo. Binadamu walipigana na binadamu wenzao. Anayenunua jina la zamani hutaraji kilichomo ndani ya jina.

Kwa insafu, yapo ya kusifiwa. OverRun, ambamo upande mmoja hulinda na mwingine hushambulia kama Locust, ni mashindano matamu. Na sehemu fupi ya Aftermath, inayoturudisha katika wakati wa mchezo wa tatu, haina wingi wa nyota zile, humo nilipumua.

Microsoft ilinunua haki za Gears Januari 2014. Gears of War 4, uliotolewa 2016 na The Coalition, ulimrudisha Marcus akiwa mzee, ukairudisha na Horde. Mchezo wa kwanza nao umefanyiwa ukarabati mara mbili, mwaka 2015 na 2025, ili vijana ambao hawakuudiriki waucheze. Judgment haukupata heshima hiyo hata mara moja. Anayetaka kuujua ukoo huu na aanze na ule wa 2006, ajibanze, wala asiwe na haraka.