Kutoka televisheni hadi sinema: ubora na upungufu wa filamu ya kwanza ya Star Trek

1. Utangulizi

Kazi ya sanaa inapohama kutoka televisheni kwenda sinema, haibadiliki ukubwa wa picha tu. Hubadilika pia namna ya kusimulia. Tamthilia ya mfululizo humrudia mtazamaji kila juma, ikamzoeza wahusika hata akawajua kama majirani. Filamu ina saa mbili tu za kufanya kazi hiyo. Makala haya yanachunguza suala hilo kupitia Star Trek: The Motion Picture, filamu ya Marekani iliyoongozwa na Robert Wise na kutolewa Desemba 1979. Chanzo chake ni tamthilia ya Gene Roddenberry, yenye sehemu 79, iliyoonyeshwa kati ya 1966 na 1969. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tamthilia hiyo ina jambo la pekee: Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha anga Enterprise, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipewa jina litokanalo na neno uhuru.

2. Kisa

Wingu kubwa liangamizalo kila kitu linaikaribia Dunia. Kirk, ambaye sasa ni amiri, anamnyang'anya Decker uongozi wa Enterprise ili akalikabili. Ndani ya wingu mna mashine iitwayo V'Ger, inayomtafuta muumba wake. Mwishoni hubainika kwamba mashine hiyo ni Voyager 6, chombo kilichotumwa na binadamu kukusanya elimu. Herufi tatu za katikati ya jina lake zilifunikwa na uchafu, na pamoja nazo asili yake ikasahauliwa. Katika historia halisi vilirushwa vyombo viwili tu vya Voyager, vyote mwaka 1977. Hicho cha sita ni cha kubuni.

3. Ubora

Kwanza, filamu inaonyesha kile ambacho televisheni ya miaka ya sitini haikuweza kukionyesha. Kirk anapoizunguka Enterprise kwa mara ya kwanza baada ya ukarabati, picha hujitosheleza karibu bila maneno, zikisaidiwa na muziki wa Jerry Goldsmith. Muziki huo ulipendwa hata ukatumiwa kufungulia tamthilia mpya ya Star Trek iliyoanza mwaka 1987.

Pili, filamu ina fikra nzito. Hapana adui mwovu wa kupigwa. Kuna mashine ijuayo mambo mengi kuliko binadamu, lakini isiyojua kwa nini ipo. Spock, aliyejitahidi kuziua hisia zake, anaushika mkono wa Kirk na kutambua kwamba mguso huo mdogo ndio V'Ger isiouelewa. Mwisho wa kisa nao si uharibifu bali muungano: Decker anajitoa ili binadamu na mashine wawe kiumbe kimoja.

4. Upungufu

Udhaifu mkuu ni kwamba jicho limepewa kazi iliyokuwa ya ulimi. Nguvu ya tamthilia ilitokana na mabishano ya Kirk, Spock na daktari McCoy. Katika filamu, kwa muda mrefu, wahusika hukodolea macho wingu na kustaajabu. Hata mgogoro wa Kirk na Decker, ulioanza vizuri, huachwa kabla haujakomaa.

Udhaifu wa pili unaonekana filamu ikilinganishwa na sehemu ya tamthilia iitwayo The Changeling, ya mwaka 1967. Humo pia mna chombo kilichotoka Duniani, kikapotea, kikarudi na nguvu za kutisha kikimdhania Kirk kuwa muumbaji wake. Chombo hicho kinaifuta kumbukumbu ya Uhura. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, anateleza na kusema Kiswahili, hata muuguzi akamsahihisha. Tukio hilo ni fupi, lakini linamfunulia mtazamaji kwamba Uhura ana lugha yake, na kwamba lugha hiyo imekaa ndani zaidi kuliko ile ya kazini.

Filamu ilichukua kiini cha kisa hicho na kuliacha tukio hilo. Isipokuwa sentensi chache, Uhura hupokea na kutangaza ujumbe wa wengine. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kubadilishwa irabu ya mwisho ili lipendeze masikio ya kigeni, kwa maana katika Kiswahili irabu hiyo haitofautishi mwanamke na mwanamume. Sasa hata sauti iliyolithibitisha jina hilo imenyamaza.

5. Hitimisho

Mwaka 2001 ilitolewa filamu hiyo ikiwa imehaririwa upya chini ya Wise. Mwendo wake uliboreshwa, lakini uhariri hauwezi kuumba mazungumzo ambayo hayakuandikwa. Filamu ya pili, ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Nicholas Meyer, iligharimu fedha kidogo kuliko ya kwanza. Hata hivyo ilirudia sehemu nyingine ya tamthilia, Space Seed, na kuwarudisha wahusika katikati ya kisa.

Filamu ya 1979, basi, isidharauliwe: swali lake juu ya elimu isiyo na hisia lingali na uzito. Lakini inafundisha kwamba anayehamisha kazi ya sanaa hana budi kuhamisha pia sauti za watu wake. V'Ger ilipoteza herufi tatu ikasahau ilikotoka. Filamu nayo, katika kukuza picha, ilimsahaulisha Uhura lugha yake.