Sheria Ilikuwapo, Mkaguzi Hakuwapo

Ndugu wafanyakazi, wako wanaodhani kwamba watoto wa Uingereza walitolewa viwandani kwa huruma ya mabwana. Sivyo hata kidogo.

Mwaka 1832 kamati ya Bunge chini ya Michael Sadler iliwaita wafanyakazi waeleze hali yao. Mmoja wao, Elizabeth Bentley wa Leeds, alikuwa na umri wa miaka 23. Alisema aliingia kiwanda cha kitani akiwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuondoa bobini zilizojaa uzi na kuweka tupu, mbio mbio. Kazi zikizidi waliingia saa kumi na moja alfajiri, wakatoka saa tatu usiku, na kwa chakula walipewa dakika 40 tu adhuhuri. Aliyezembea alichapwa mkanda. Mwili wake ulipinda, naye siku ile alikuwa akiishi katika nyumba ya maskini.

Na sheria ilikuwapo! Ile ya mwaka 1819 ilikataza mtoto wa chini ya miaka tisa kuajiriwa, lakini katika viwanda vya pamba tu, wala haikuweka wakaguzi wa serikali. Sheria ya 1833 ndiyo iliyowaleta. Wangapi? Wanne, kwa nchi nzima.

Tena, umri utaujuaje? Serikali ilianza kuandikisha vizazi mwaka 1837. Kabla ya hapo daktari alimtazama mtoto kimo na nguvu, akaandika kwamba anaonekana wa miaka tisa. Wazazi nao walidanganya. Mimi siwalaumu sana. Sisi tunaozunguka mashambani kuandikisha wanachama tunajua kwamba mshahara wa baba usipotosha, mtoto hufuata kikapu.

Wafanyakazi wa Yorkshire na Lancashire waliunda kamati zao, wakadai siku ya saa kumi, wakaipata mwaka 1847 kwa wanawake na vijana. Lakini sheria ya 1844 ilikuwa imeshusha umri hadi miaka minane, mtoto afanye kazi nusu siku na kusoma nusu siku. Fikiri mwenyewe mtoto huyo alisoma nini kwa usingizi ule.

Utaratibu huo wa nusu siku ulikuja kufutwa na sheria ya elimu ya 1918. Na hili tuliseme bila kuficha: kabla ya hapo, vyama vya wafanyakazi wa pamba wa Lancashire vilipowauliza wanachama wao, wengi walipiga kura ya kukataa umri usiongezwe, maana zile senti za mtoto zilikuwa zikinunua mkate.