Pigo la Kifua na Hatari Yake kwa Moyo

Ajali itokeapo barabarani, watu humkimbilia kwanza yule anayetoka damu. Huo ni uungwana, walakini si kila mara yeye ndiye aliye karibu zaidi na mauti. Huenda mwenzake ameketi kando ya njia, nguo zake safi, akisema, "Mimi sijambo," kumbe moyo wake umeumia ndani ya kifua. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wakazi wa Nakuru wanazijua ajali hizi. Barabara kuu iendayo magharibi hupanda milima ya Mau kwa njia ya Salgaa na Sachangwan, na magari mazito yateremkapo huko mara nyingine breki hushindwa kuyazuia. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso mahali paitwapo Migaa, na watu 36 wakafa.

Yafaa kueleza jinsi moyo unavyoweza kuumia hali ngozi haikupasuka. Moyo umekaa katikati ya mapafu, nyuma ya mfupa wa kidari na mbele ya uti wa mgongo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 hivi kila sekunde. Gari likisimama ghafula kwa kugonga, mwili wa dereva huendelea mbele kwa mwendo ule ule hata kifua kipige usukani. Na moyo nao hutupwa mbele, ukabanwa baina ya mifupa hiyo miwili. Teke la ng'ombe au punda, au usukani wa pikipiki, waweza kufanya vivyo hivyo.

Madhara yake ni ya namna nyingi. Jepesi ni nyama ya moyo kuvilia damu, hasa chumba cha chini cha kulia, kwa kuwa ndicho kilicho mbele. Pengine pigo huvuruga mapigo ya moyo, yakaenda mbio au bila mpango. Zito zaidi ni ukuta wa moyo kupasuka, damu ikajaa katika kifuko kiuzungukacho, na moyo ukasongwa hata usiweze kutanuka. Pia mshipa mkuu wa damu utokao moyoni huweza kuchanika.

Kuna na ajabu nyingine, ingawa ni nadra: pigo la kadiri, kama la mpira, likiangukia kifua katika nukta fulani ya pigo la moyo, huweza kuusimamisha moyo ambao haukupata jeraha lolote. Vijana ndio wapatwao zaidi. Tarehe 2 Januari 2023, mchezaji wa Marekani, Damar Hamlin, alianguka uwanjani katika mji wa Cincinnati kwa sababu hiyo. Wasaidizi walimkandamiza kifua papo hapo na kuushtua moyo wake kwa mtambo wa umeme; akapona, na mwaka ule ule akarudi mchezoni.

Basi aliyepigwa kwa nguvu kifuani atazamwe kwa makini. Dalili za hatari ni maumivu ya kifua yasiyotulia, kukosa pumzi, kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio au kurukaruka, na mishipa ya shingo kuvimba. Dalili hizi huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo asiachwe kwenda kulala nyumbani peke yake. Asikandwe kifua wala asipewe pombe. Apelekwe hospitali, na waliomleta wamwambie daktari waziwazi kwamba alipigwa kifuani na kitu gani.

Lakini akianguka, asiitike, wala asipumue sawasawa, msaada uitwe, na mtu mmoja aweke viganja katikati ya kifua akandamize kwa nguvu, kadiri ya sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike.

Katika hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Nakuru iliyo upande wa Milimani, daktari hupima umeme wa moyo, kazi ya dakika chache isiyo na maumivu. Hupima pia damu kutafuta troponini, kitu kinachotoka katika nyama ya moyo iliyojeruhiwa. Vipimo hivi viwili vikiwa vizuri, jeraha kubwa la moyo si la kuhofiwa sana. Kimoja kikiwa na kasoro, mgonjwa hulazwa ili moyo wake uangaliwe, na huenda ukatazamwa kwa mtambo wa mawimbi ya sauti. Damu iliyousonga moyo hutolewa kwa upasuaji, na hapo kila dakika ina thamani.

Hata hivyo, tahadhari ni kabla ya hatari. Mwaka 2004, kanuni zilizojulikana kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, ziliamuru kila kiti cha matatu kiwe na mkanda, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Mkanda humzuia mtu asiruke mbele, na nguvu ya pigo hugawanyika juu ya bega, kidari na nyonga. Abiria anayeufunga kwa kumwogopa askari, kisha akaufungua akishapita kizuizi, hamdanganyi askari. Auhatarisha moyo wake mwenyewe.