USISHUKE KABLA YA PERMI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu ukingoja bwana arudi kutoka zamu: mazuku mnayajua. Upande wa Goma na Sake, kaskazini ya ziwa letu la Kivu, watu huita hivyo mabonde madogo ambamo hewa mbaya ya ardhini hukusanyika. Mbuzi anaingia kula majani, anaanguka. Hakuna moshi, hakuna harufu ya kumwonya. Hiyo ni gesi ya kaboniki. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hukaa chini.

Sasa fikiri juu ya tangi, kisima au shimo la mgodi lililofungwa siku nyingi. Hata hapa Ibanda linaweza kukuangusha vilevile. Ndiyo sababu kazi ya namna hiyo haianzi bila permi.

Wengine husema permi ni karatasi ya ofisi ya kuchelewesha kazi. Isome vizuri. Inauliza: kazi gani, mahali gani, mpaka saa ngapi? Nani amekata umeme na kutia kadena, na ufunguo uko mfukoni mwa nani? Nani amepima hewa kwa chombo? Hewa nzuri ina oksijeni karibu 21 kwa mia. Ikishuka chini ya 19.5, hakuna kuingia. Mshumaa si chombo cha kupimia. Moshi wa motopompa una monoksidi ya kaboni, nayo yaweza kukuua mshumaa ukiwa bado unawaka. Na penye gesi ya methane, mshumaa wenyewe ndio hatari.

Tena inauliza: nani anabaki juu, mdomoni mwa shimo? Mimi jina hilo ndilo ninalolitafuta kwanza. Huyo hashuki, hata rafiki yake akianguka mbele ya macho yake. Avute kamba, apige kelele, aite ekipe yenye vifaa vya kupumulia. Neno gumu, najua. Lakini mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, iliandika kwamba zaidi ya 60 kwa mia ya waliokufa mahali pa namna hiyo walikuwa wameingia kuokoa wengine.

Na zamu inapobadilika? Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, katika bahari iliyo mashariki ya Scotland, watu wa mchana walitoa kifaa cha usalama cha pampu moja, wakaziba mahali pake kwa kifuniko cha chuma. Permi iliandikwa, lakini habari haikuwafikia watu wa usiku. Pampu ya pili iliposimama, waliwasha ile ya kwanza. Gesi ilitoka, moto ukalipuka, watu 167 wakafa. Basi permi ipokelewe mkono kwa mkono, midomo ikisema na macho yakitazama kazi yenyewe. Nafasi ya saini ikiwa tupu, rudi kwa kapita umwonyeshe.

Mama, permi haifiki kwenye lupango lako, ila maswali yake yanafika. Kijana wa mtaa akija kusafisha tangi au shimo la choo, asishuke peke yake, na motopompa ibaki nje, mbali na mdomo wa shimo.