Cheche Hupimwa Angani

Je, msomaji, umewahi kuabiri ndege ndogo pale Uwanja wa Wilson, Nairobi? Kabla ya kupaa, rubani husimama kando, akaingurumisha injini, kisha akageuza swichi. Mlio hupungua kidogo, halafu hurejea. Abiria mgeni hushika kiti kwa hofu. Atulie: rubani anapima cheche.

Ndege hizi hutumia petroli na plagi kama gari. Lakini umeme wa plagi hautoki kwenye betri. Aghalabu hutoka kwa magneto, kifaa chenye sumaku inayozungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa, injini haizimiki. Isitoshe, magneto huwa mbili na kila silinda ina plagi mbili. Cessna 172S, yenye silinda nne, ina plagi nane.

Lakini pacha hawa huweza kufichiana maradhi. Mmoja akidhoofika, mwenzake humbebea mzigo na rubani asijue. Ndiyo maana hujaribiwa mmoja mmoja. Katika Cessna 172S, injini huzungushwa mara 1,800 kwa dakika. Ikibaki na magneto moja, mizunguko isipungue zaidi ya 150, na tofauti baina ya magneto hizo isizidi 50.

Hata hivyo, kufuzu mtihani wa chini si hoja. Mgonjwa wa kifua akiketi barazani humtambui. Mpandishe mlima ndipo utamsikia akihema. Angani rubani hupunguza petroli, na mchanganyiko wenye petroli kidogo ni mgumu kushika moto. Tena, kule juu hewa ni nyepesi, na umeme huweza kuruka njia ndani ya magneto badala ya kufika kwenye plagi.

Kwa hivyo baadhi ya marubani hurudia kipimo ndege ikiwa juu. Huzima magneto moja kwa sekunde chache, wakitazama saa za joto la moshi wa kila silinda. Joto likipanda kote, mambo ni shwari: plagi moja huchoma polepole, na moshi hutoka ungali moto zaidi. Likiporomoka kwenye silinda moja, plagi yake ni mbovu, au waya wake. Injini ikitetemeka kwa magneto moja tu, fundi atajua pa kuanzia.

Si mchezo wa kujaribu na abiria, wala bila mafunzo. Hufanywa ndege ikiwa juu vya kutosha na uwanja ukiwa karibu. Injini ikizimika, rubani asiwashe magneto kwa pupa, kwani petroli iliyojaa ekzosi huweza kulipuka na kuipasua. Kwanza hufunga petroli, kisha huwasha magneto zote mbili, ndipo hurudisha petroli taratibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Plagi iliyogunduliwa leo hubadilishwa gereji. Ikiachwa, huenda magneto ya pili ikafa siku ndege iko juu ya msitu, na hapo hakuna mahali pa kuegesha.