Karanga Ugenini
Sisi sote twajua kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni aibu. Lakini mtu mwenye mzio mkali wa karanga, hata punje moja yaweza kumziba koo na kumwua. Akisafiri Ubelgiji, afanyeje? Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya yawaagiza wauza chakula, hata wenye mikahawa, kutaja vitu 14 viletavyo mzio, karanga mojawapo. Basi aulize kabla ya kuonja: kwa Kifaransa «arachide», kwa Kiflamandi «pinda». Asipojibiwa wazi, asile. Sindano ya adrenalini asiiache nyumbani. Koo likianza kubana, ajichome pajani mara moja, kisha apige simu 112. Tusione haya kuuliza: mwenyeji mwema apenda mgeni mzima kuliko sahani tupu.