Kung'oa Ndiko Kuchagua: Sayansi ya Mbegu za Zinia Bariadi

Chukua mbegu za ua jekundu la zinia, zipande msimu ujao, na huenda shamba likatoa waridi, chungwa, zambarau na nyekundu chache. Si kwamba mbegu ni mbovu. Zinia ina desturi yake ya uzazi, na anayeifahamu anaweza kutengeneza aina yake mwenyewe kwenye kipande kidogo cha ardhi pale Bariadi.

Asili ya mmea huu, Zinnia elegans, ni Mexico, na jina lake linamkumbuka Mjerumani Johann Gottfried Zinn, mtaalamu wa anatomia na mimea aliyefariki mwaka 1759. Ni wa familia moja na alizeti, zao lisilo geni mkoani Simiyu, uliko mji wa Bariadi, na maumbile yao yanafanana. Tunachokiita ua ni kichwa chenye vijiua vingi. Kila "petali" ya pembeni ni kijiua cha kike kisicho na chavua. Vile vya njano vya katikati vina sehemu zote mbili, ya kike na ya kiume. Isitoshe, zinia nyingi huikataa chavua yao wenyewe. Kwa hiyo baba wa mbegu karibu kila mara ni mmea mwingine, na mshenga ni nyuki au kipepeo.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanafunga uzi kwenye shina la ua zuri, wanasubiri likauke, kumbe nyuki ameshalipelekea chavua ya ua baya lililosimama hatua tatu pembeni. Umemchagua mama tu, baba amejichagulia. Dawa ni kung'oa. Ua la kwanza la kila mmea linapoanza kufunguka, pita shambani asubuhi. Mmea wenye rangi usiyoitaka, shina dhaifu au majani yenye ugonjwa uondoe siku hiyohiyo, kabla chavua yake haijasafiri. Vuna mbegu kwenye mimea mingi iliyobaki, si mmoja, kwa sababu ukoo mwembamba hudhoofika baada ya vizazi vichache. Ukirudia hivyo kizazi baada ya kizazi, rangi huanza kutulia.

Anayetaka kuchanganya aina mbili kwa makusudi afunike vichwa vya mama na baba kwa vifuko vya kitambaa cha chandarua kabla havijafunguka. Kwa mama, vijiua vya njano vinyofolewe kila vinapochomoza, zibaki "petali" zenye stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kisha zipakwe chavua ya baba kwa brashi laini na kufunikwa tena. Watoto wa kwanza mara nyingi hufanana; wajukuu ndio hutawanyika kwa rangi na maumbo, na hapo kazi ya kung'oa huanza upya.

Bariadi iko karibu na nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na urefu wa mchana hutofautiana kwa takriban dakika 20 tu kati ya Juni na Desemba. Zinia huharakisha kuchanua mchana unapokuwa mfupi, na saa 12 za mchana wa hapa zinaifaa. Kwa mzalisha mbegu hiyo ni neema: kutoka kupanda hadi mbegu kukomaa ni kama miezi mitatu na nusu, hivyo mwenye maji ya kumwagilia anaweza kupata vizazi viwili au vitatu kwa mwaka. Muuza maua ya kukata hupata hasara kidogo, maana mashina huwa mafupi. Akate ncha mmea ukifika sentimita 25 hivi, utoe matawi mengi.

Kalenda nayo ni muhimu. Mvua ikinyesha kwenye vichwa vilivyokomaa, mbegu huoza au hubeba kuvu wa madoa ya majani. Panda mwishoni mwa Machi, mbegu zikauke Juni na Julai, wakati pamba inavunwa. Acha sentimita 30 kati ya mimea na mwagilia kwenye shina, si juu ya majani, ili kupunguza magonjwa ya majani. Na kama jirani ana pamba, mwombe apulize dawa jioni nyuki wakisharudi mzingani. Bila nyuki, zinia itatoa makapi matupu.

Mbegu za shamba lako panda upendavyo. Ukifikiria kuzifunga na kuziuza, wasiliana kwanza na TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu nchini. Anza na rangi moja na tuta moja, andika ulichokiona kila kizazi, na usiuonee huruma mmea mbaya kwa sababu tu umechanua.